Kambi ya Guka

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Treni mbili na basi kutoka Barking, mwanangu mdogo Gitonga analilia chips njia nzima. Yote kwa ajili ya homework ya dada yake, Nyawira, kuhusu vita. Jumba la Alexandra Palace. Humo, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walifungiwa Wajerumani waliokuwa wakiishi papa hapa London — vinyozi, waoka mikate. Leo watu wanateleza kwenye barafu!

Mzee wa kututembeza, mpole sana, akasema yaliyowapata yasisahaulike. Nyawira akanyoosha mkono: Guka, babu wa mama yake, naye alikaa camp miaka minne. Mzee akatabasamu, akauliza kama alikuwa Skauti.

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Hasira zimenijia kwenye treni.

Jumapili, 9 Novemba

Kumbe ni neno letu. Nyumbani tulisema tu “Guka alipokuwa kambini”, basi. Nyawira kambi anayoijua ni ya shule: hema, moto, peremende laini za marshmallow. Miaka yote alidhani Guka alichoma marshmallow!

Nikamwambia: si hema, ni seng'enge. Alifungwa. Alirudi vidole viwili havikunjiki. Akauliza nani alimfunga. Gitonga akamwaga uji. Nilipomaliza kupanguza, Nyawira alikuwa ameshajijibu — Wajerumani.

Ni Waingereza. Wakati wa Emergency, vita vya Mau Mau, Kenya. Neno moja tu, na halikutoka. Ana miaka saba, na ua jekundu la kuwakumbuka askari wa Uingereza kwenye sweta.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimempigia mama, kule Karatina, nikamsimulia. Nilidhani atacheka. Badala yake: “Baba yangu alikufa hakuna aliyemwomba msamaha. Na sasa wewe unamsingizia Mjerumani.”

Nikasema nachelewa shift. Uongo — nilikuwa off.

Kesho, kabla ya shule, namwambia mtoto.

Jumanne, 11 Novemba

Tumechelewa kuamka. Sikumwambia.

Assembly ya shule, ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Wazazi tumebanwa kwenye viti vya watoto. Nyawira akasimama wima, akasema Wajerumani walimfunga Guka, wakamuumiza vidole. Kisha akaongeza lake: Waingereza wakaja wakamwokoa. Ukumbi mzima makofi. Mwalimu wake, Miss Hina, machozi. Na mimi nikapiga makofi. Nilipiga, Mungu wangu!

Mlangoni Miss Hina akaniomba nije Ijumaa nilieleze darasa jinsi Guka alivyookolewa. Nyawira alikuwa ameshakubali kwa niaba yangu.

Sasa yuko bafuni na mdogo wake. Ananiita. Anajaribu Kiswahili, ili nifurahi:

“Mum, yule soldier wa kufungulia Guka gate — anaitwa nani?”

Anaita tena.