Taa Nyeupe na Pigo la Pili

Dallupan, Kalinga,
17 Novemba 2019.

Mpendwa ading wangu Delfin,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye theluji. U hali gani, mdogo wangu? Mgongo umepona? Marites na mapacha hawajambo? Sisi huku tunapumua. Mama anakula, analala, na bado ananikemea kana kwamba nina miaka kumi, kwa hiyo ujue ni mzima. Mvua haijatuacha. Ukungu unashuka saa nane mchana na hauondoki mpaka kesho yake.

Barua hii nimempa Imelda anayerudi huko kazini. Sikutaka kukupigia simu. Nyumba zetu ni za mbao, na simu moja husikilizwa na majirani watatu. Isome ukiwa peke yako, na ukae chini kwanza.

Nianze na taa, maana ndizo zilizoanza. Unaikumbuka Tamaraw, lile gari la marehemu baba. Taa zake za mbele zilikuwa zimechoka, zinatoa mwanga wa njano kama mkojo wa mgonjwa, na mwezi wa Agosti nusura nimgonge padri kwenye ukungu. Nilipokueleza, ulinipa maelekezo mazuri. Ulisema kama nataka LED ninunue taa nzima, na kikombe chake na kioo chake, iliyotengenezwa kwa LED. Nisichomeke balbu ya LED ndani ya kikombe cha balbu ya zamani, kwa kuwa mwanga hautoki mahali palepale na utatawanyika hovyo. Taa nzima zilikuwa peso elfu tano. Balbu tupu, pale sokoni Tabuk, mia nane jozi. Unadhani nilinunua zipi?

Kazi yenyewe niliimaliza asubuhi moja. Balbu zile zina feni ndogo kwa nyuma, na ule mpira wa kuzuia maji ukagoma kufunga, basi nikautoboa kwa kisu. Kisha nikaegesha gari mbele ya ukuta wa kanisa, kama ulivyonifundisha, nione mwanga unakatika wapi. Haukukatika popote. Ulipanda ukutani mpaka kwenye kengele. Mtu mwenye akili angejua kwamba taa inayomulika kengele inamulika macho ya watu. Mimi nilipiga makofi. Nilijiona fundi, Delfin, nikawaita majirani waje waone.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo, na kilichovunjika ni mkono wa mtu mwingine.

Ilikuwa tarehe tisa Oktoba, saa tisa alasiri. Nilikuwa nikishuka na magunia ya maharage, ukungu mzito, na nikagundua kwamba mwanga mweupe kwenye ukungu unakurudia mwenyewe usoni. Badala ya kupunguza nikawasha taa za juu. Pale kwenye kona ya jiwe jeupe ikaja pikapu ya kabichi. Dereva akapiga honi, akafunika macho kwa mkono, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe. Kabichi zilimwagika barabara nzima. Aliyekaa pembeni yake, shemeji yake, alipasua kioo kwa paji la uso.

Kama ningeteremka nikaomba radhi, leo ningekuwa nakuandikia habari za mavuno. Lakini dereva aliteremka na panga. Kijana wa miaka thelathini hivi, mabega mapana.

“We mzee, umetubebea jua zima barabarani? Zima!”

“Nizime nitaonaje?”

“Utaonaje? Sisi tumeonaje? Taa za uwanja wa mpira kwenye mkebe wa dagaa!”

Akapasua taa ya kushoto kwa panga. Akazunguka akapasua ya kulia. Halafu akapiga boneti ya baba mara tatu, kila pigo na tusi lake, na la mwisho lilimtaja mama. Nilikuwa nimeshashika spana ya magurudumu. Nilimpiga begani kwa nyuma, kwa nguvu zangu zote, akaenda chini kwa magoti na panga likarukia mtaroni.

Wewe umezaliwa huku, unajua. Katika barabara hii hata mlevi huuliza kwanza: wewe wa wapi? Ndipo ngumi ifuate. Sikuuliza. Na hili la kutouliza ndilo nililomwambia kila mtu. Baraza la wazee nililiambia hivyo, polisi hivyo, mama hivyo: nilimpiga mara moja, kabla sijajua kwao.

Sasa nakuambia wewe. Akiwa pale magotini, mikono mitupu, aligeuka akapiga kelele: “Mimi wa Sumallag! Wa Sumallag, mzee! Tuna bodong na nyinyi!” Nilimsikia vizuri sana. Nikajua kwamba huyu ni mtu wa mapatano, damu yake baba aliiapia kuilinda kama yetu. Spana ilikuwa juu. Ningeweza kuishusha polepole. Niliishusha kwenye mkono aliouinua kujikinga, na mfupa ukalia kama muwa unapovunjwa kwenye goti. Nisikudanganye, pigo lile la pili lilinipa raha. Raha yenyewe ilidumu kitambo cha kuvuta pumzi, na tangu hapo silali.

Anaitwa Warlito Sagmayao. Mkono uliingia uozo, na hospitalini wakaukata chini ya kiwiko. Mkono wa kulia. Ana watoto watatu.

Mjomba Bannawi, ambaye anakushikia mapatano tangu ulipoondoka, alipeleka nyati kwenda Sumallag kuomba amani. Walimpokea vizuri mno, wakamchinja nyati darajani, halafu wakaacha nyama yote iliwe na nzi. Hakuna aliyeonja hata ini. Mjomba alirudi akaniambia wasipokula nasi, amani hakuna.

Siku ya tatu ukaja ujumbe kupitia mwanamke anayeuza samaki. Maneno matano tu: “Mwana wa Gaspar anahitimu lini?”

Mimi si shabaha yao, Delfin. Dereva mzee wa maharage mwenye meno kumi na saba ana thamani gani? Wanataka kilicho bora nyumbani mwetu, na hicho ni mwanangu Rexon, atakayekuwa mhandisi wetu wa kwanza. Nilimpigia simu palepale atoke bwenini Baguio. Alitoka, lakini koti lake lilibaki kwa rafiki yake, kijana wa watu kutoka Pangasinan asiyejua hata Sumallag iko wapi. Tarehe mbili mwezi huu kijana yule alitoka dukani amelivaa koti lile, mkate mkononi, akachomwa kisu mara mbili mgongoni. Hakufa, Mungu mkubwa. Mama yake alinipigia simu. Hakunitukana. Aliniuliza tu mwanawe amemkosea nani, na mimi nikakata simu. Naona aibu hata kuliandika hilo.

Najua unachosema huko uliko. Unasema kuna polisi, kuna mahakama. Polisi nilikwenda kwa miguu yangu, na kesi ipo, nimedhaminiwa. Jaji atanifunga mimi na ni haki yangu. Lakini hawezi kumfunga mtu asiyemjua ambaye anamsubiri Rexon kwenye mlango fulani mwaka huu, au mwakani, au siku ya harusi yake.

Baada ya kijana wa Pangasinan, nilikwenda kwa mjomba nikamweleza pigo la pili. Alinipiga kofi nikaanguka kwenye kuni zake. Ana miaka themanini na moja, na bado nilianguka.

“Shemeji yake alikuona,” akaniambia. “Sumallag nzima inajua. Wewe umekaa barazani kwangu unaapa kwa jina la baba yako, na mimi nikabeba uongo wako na nyati wangu kuvuka mto. Mbwa wewe!”

“Nifanyeje, mjomba?”

“Wewe? Wewe huna la kufanya. Mwenye mapatano ndiye mwenye la kufanya.”

Alivuka mto tena, safari hii bila nyati, akawaeleza ukweli wote. Nao wakakubali jambo moja. Mwenye mapatano aje amwadhibu mtu wake, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya Warlito. Ikifanyika kabla ya mwaka kuisha, watakula nasi na Rexon atatembea popote. Ikipita, mapatano yamekufa. Baba alifanya hivyo mwaka sabini na nane kwa binamu yake Ligwang. Wewe ulikuwa na miaka mitano, ulitapika kwenye viatu vyangu, na baba hakulala nyumbani wiki nzima. Hata hivyo, alipokuwa anakufa alikuchagua wewe ushike mapatano, akaniruka mimi mkubwa. Nilikasirika miaka mingi. Sasa naona alijua ni nani kati yetu atakayehitaji kuadhibiwa.

Ninachokuomba ni hiki, na sitazunguka. Njoo nyumbani. Usiniletee wakili, usilete pesa, pesa wamezikataa. Mjomba hawezi kukufanyia, mkono wake unatetemeka na angeniua bila kukusudia. Wewe ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Unajua pa kukata mtu asife, na unajua kufunga mshipa. Naogopa, ading. Naogopa sana, nalia nikiwa chooni ili mama asisikie. Lakini nikimwaza Rexon na kile kisu, woga huo unakuwa mdogo.

Usinichukie, na usijichukie. Ukikataa nitakuelewa, ila nijulishe mapema, nimtafutie mwanangu nchi nyingine ya kuishi.

Mama anakusalimu. Hajui nilichokuomba, anadhani unakuja kwa Krismasi na ameanza kunenepesha nguruwe. Mjomba Bannawi anakusalimu, shangazi Petra naye, na Rexon, aliko, anasema uwashike mapacha masikio kwa niaba yake. Wabusu Marites na watoto, wala usiwaambie. Mungu aliyewalinda wazee wetu kwenye milima hii akulinde safarini, na akupe moyo mgumu kwa siku moja tu, kisha akurudishie ule wako.

Usishangae mwandiko kuwa mzuri kuliko kawaida. Nimekaa na barua hii siku mbili, naandika kila herufi polepole kwa mkono wangu wa kulia, kwa kuwa nataka uwe na kitu ulichoandikiwa nao.

Wako akupendaye, na atakayekupenda hata baada ya siku hiyo,
kaka yako,
Gaspar