Chuma cha Mpaka

Jumamosi jioni

Kimelia. Kidude cha kutafutia chuma nilichounda kwa waya wa shaba, kifuniko cha ndoo na redio kuukuu kimelia kweli, na sasa natamani kingenyamaza.

Asubuhi kilinichosha. Kila hatua, msumari wa mabati au kizibo cha soda. Nilitafuta kile chuma ambacho Baba alikizika mpakani alipotugawia shamba, mimi na marehemu ndugu yangu Ondieki. Miaka tisa Ondieki alisema migomba yangu imeingia kwake. Miaka tisa nilimwita mwongo, hata mbele ya chifu. Nilitaka mjane wake aone kwa macho, yaishe.

Kikalia katikati ya migomba yangu, hatua sita ndani. Nikachimba. Ni chenyewe, kipande cha bomba, rangi nyekundu ya Baba bado imeshika.

Kwamboka, mjane wake, alikuwa anachuma mboga upande wa pili. Akaja, akaangalia shimo. Nikamwonyesha bomba.

"Funika tu, shemeji," akasema. "Mwenye alikuwa anataka kujua hayuko."

Nitamrudishia shamba lake. Hilo si gumu.

Lakini ile mikungu mitatu niliyopeleka kwenye matanga ya Ondieki mwezi jana, niliikata hapo hapo, kwenye hizo hatua sita. Zilikuwa ndizi zake. Na watu walizila, wakanishukuru, wakasema hakika nilimpenda ndugu yangu.