Ile Mashine Nyekundu Niliyompelekea Baba Mdogo

Baba,

Nakuandikia nikiwa karakana, mlango nimeufunga kwa ndani, na bisibisi imeniponyoka mara mbili. Ungekuwepo ungeniambia ninywe chai kwanza, maana mtu mwenye mikono ya namna hii haruhusiwi kushika bisibisi. Chai nimekunywa. Haijasaidia.

Ni wiki ya sita tangu tukuzike Masama. Nilidhani nitakachokiogopa ni ukimya wa hapa, au kulala peke yangu kwenye nyumba yenye koti lako mlangoni. Hayo nimeyazoea. Ninachokiogopa ni jambo nililolifanya mwenyewe, tena nikidhani nakuheshimu.

Nianze na mashine zako za kufyonza vumbi, najua ndizo utakazoziulizia kabla ya kuniulizia mimi. Zilizobaki nimezipanga ukutani kama ulivyoziacha, za nyumbani kushoto, za hotelini kulia. Watu wa mjini bado wanatania, "Manka, kwani mafagio yameisha sokoni?" Wewe ulikuwa ukiwajibu kwamba fagio linahamisha vumbi tu, mashine inalimeza. Waliocheka asubuhi walirudi jioni wamebeba mbovu yao, vijana wa kuosha magari, mhudumu wa kanisa lenye zulia, mama wa nyumba ya wageni.

Na majaribio yetu ya Jumamosi nimeyakumbuka mno. Kikombe cha majivu, kikombe cha mchanga, konzi moja ya pumba, vyote vinamwagwa kwenye zulia lile kuukuu, na kila mashine inapewa zamu yake wakati mimi nahesabu mpaka thelathini kwa sauti. Halafu tunapima mfuko kwa mizani ya muuza nyanya na wewe unaandika kwenye kaunta buku. Za nyumbani zilikuwa nyepesi, zinapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa, na vumbi letu jekundu lilikuwa linaziba vichujio vyake kabla sijafika ishirini. Za hoteli zilikuwa mapipa ya bati, mota mbili, waya wa kuzunguka nyumba nzima, na maji zinakunywa bila shida. Ulizipenda zote. Ila hukuipenda yoyote kama ile ndogo ya kijivu, ya kwanza kabisa, uliyoachiwa na mzungu aliyekuwa anarudi kwao.

Ile ya kijivu ndiyo iliyotuharibia ukoo, tuseme ukweli leo. Uliiacha kwa Baba Mdogo, ikapotea, ukasimama mbele ya ndugu wote ukamwita mdogo wako mwizi. Ukasema ameivusha mpakani Holili akaiuza. Miaka miwili baadaye Mama, Mungu amrehemu, akakumbuka kwamba alimpa matroni wa shule aazime na haikurudi. Nilikuwepo jikoni aliposema. Wewe ulimaliza ndizi zako, ukanawa, ukatoka. Hukwenda kwa Baba Mdogo siku hiyo wala nyingine. Jumla ni miaka tisa, mnapishana njiani kama mawe.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Siku ya kugawa vitu vyako, ndugu walikuja hapa karakana. Kwenye kona tuliikuta ile nyekundu kubwa ya hoteli, na kwenye mpini wake umefunga jani la isale. Shangazi alishika mdomo. Akasema, "Kaka amemwomba mdogo wake msamaha." Hakuna aliyebisha. Isale halifungwi bure, na anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hilo hata watoto wanalijua. Tulilia wote, Baba. Mimi nililia kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo jikoni siku ile.

Ulinifundisha kwamba mashine haitoki mlango huu kabla ya kuguswa na testa ya umeme. Sikuigusa. Nani angefungua kitu chenye isale la marehemu? Niliikodishia pikapu, nikaipeleka Masama mwenyewe. Baba Mdogo aliipokea kwa mikono miwili, na kidole chake kikaenda kwenye isale kwanza.

Jana asubuhi nikafungua kaunta buku nitafute saizi ya mkanda wa mashine nyingine. Nikakuta mwandiko wako: "Nyekundu kubwa. Inavuta kuliko zote nilizowahi kupima. Bodi ya nje ina umeme, itaua mtu. Nimeifunga isale asiiguse mtu mpaka nipate waya."

Basi ni hilo tu. Ulipanda mpaka, kama tunavyopanda masale kati ya kihamba na kihamba, shamba la huyu na la yule. Sisi tukaona msamaha, kwa kuwa ndicho tulichokuwa tunakitaka.

Nilipiga simu ya Baba Mdogo, haipatikani. Ya Mama Mdogo, haipatikani. Mama mmoja wa ndizi sokoni, anayetoka kulekule, akaniambia Masama hakuna umeme tangu juzi, simu zote zimezima. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa umeme kukatika, jana nilimshukuru. Halafu nikakumbuka kwamba Jumamosi wana kipaimara cha mjukuu, na Mama Mdogo alishaniambia ataisafisha sebule nzima kwa mashine ya shemeji yake. Unamjua anavyosafisha. Maji kwanza, ndoo nzima, na miguu peku.

Palepale nilipanda daladala, nikashuka Boma nikachukua bodaboda. Dereva alisema ana mafuta kidogo na hawezi kukimbia mlimani, nikamwambia akimbie hivyohivyo. Njia nzima nilikuwa naangalia maduka. Yakiwa giza, napumua. Tulipopita kanisani nikaona taa ya saluni imewaka na redio inaimba. Umeme ulikuwa umerudi. Baba, nilimpiga dereva begani aongeze mwendo. Nilijiona nikiingia nikimkuta mtu chini, na nikijua ni mimi niliyemletea, na jani lako limefungwa juu yake. Nilisali vibaya, nikichanganya Baba Yetu na jina lako.

Uani niliingia bila hodi. Sebule ilikuwa imeloa, sakafu inang'aa, Mama Mdogo ameshika ndoo. Mashine ilikuwa katikati, imewekewa kitambaa cha kufuma juu, na isale lako lililokauka bado lipo. Plagi ilikuwa imechomekwa. Baba Mdogo alikuwa ameinama kwenye swichi ya ukutani, amevaa shati la kanisani. Walikuwa wamesubiri umeme siku mbili, na alitaka aiwashe yeye wa kwanza.

Nilisema, "Baba Mdogo, shikamoo, usiguse." Vyote kwa pumzi moja. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, kuna nini?" Mkono wake ulibaki palepale, na mimi nikafika nikaing'oa plagi.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa, kuliko njiani. Kwa sababu ilibidi niseme kitu. Kama ningesema mashine inaua, angeniuliza kama kaka yake alijua. Na ulijua, umeandika. Mtu uliyemwita mwizi, ukafa bila kumwangukia, halafu kaburini unamtumia kifo kilichofungwa isale. Angelifikiria hilo mpaka siku yake ya mwisho, na watoto wake wangerithi. Na kama ningesema haikuwa yake, ni makosa yetu wagawaji, ningekuwa namwambia kwamba kaka yake hakumwomba msamaha hata kidogo.

Nikasema panya. Nikasema panya wameingia stoo wakatafuna waya kabla hatujaileta, nimegundua asubuhi hiyohiyo, samahani. Uongo ulitoka mzima, umeshavaa viatu. Nikafungua kifuniko, nikaukata waya wa umeme kwa ndani, pande zote mbili, vipande nikavitia mfukoni. Nilitaka kuibeba nije kuitengeneza huku. Baba Mdogo akakataa. Akasema, "Iache hapahapa. Hata isipowaka. Mimi sikuipokea kwa ajili ya vumbi."

Mama Mdogo akaenda kuchukua fagio.

Halafu Baba Mdogo akanitoa mpaka kwenye migomba akaniambia kilichobaki. Kwamba hakuja kukuzika, alisimama upande wa pili wa mfereji unaotenga kihamba chake na chetu, akasikiliza nyimbo. Kwamba isale likipokelewa lazima lijibiwe. Kwamba Jumapili baada ya ibada atavuka aje kaburini kwako na kata ya pombe ya mbege, akwambie kwa mdomo wake kwamba yameisha. Akaniomba niwepo, kwa kuwa ni mimi niliyeleta.

Tangu hapo sijalala, naogopa. Naogopa panya wangu wasije wakajulikana. Naogopa kusimama pale nikisikia mzee wa watu anasamehe ombi ambalo hukuliomba. Na wewe pia nakuogopa, naliandika hili nikiwa binti yako mtu mzima. Nakujua. Ungeweza kusema, "Mimi sikumwita," ukageuka ukutani, na mabaya yakatupata sisi tuliobaki. Wazee wanasema marehemu hadanganywi. Sasa mimi nimedanganya kwa jina lako, na nakuja kukuomba unifichie.

Ule ukurasa sijauchana. Nilijaribu, nikashindwa, ni mwandiko wako. Nimeandika pembeni kwamba waya umekatwa, ili atakayesoma baada yangu asipate hofu niliyoipata. Mengine ya kaunta buku nitayaendeleza, na kuanzia leo kila mashine itaguswa na testa, hata ikija imefungwa isale na askofu.

Lala salama, Baba. Nakuahidi Jumapili nitasimama karibu naye, nitamshika mkono akiteleza, na sitasema neno lolote mpaka nife. Lakini bado una siku tatu. Mimi nimeshafanya yangu, nimesema uongo, na siwezi kuufanya uwe kweli. Wewe unaweza. Akivuka mfereji, akitaja jina lako, mwombe msamaha. Sisi hatutasikia, wewe mwombe tu.

Mwanao,
Manka