Swali Lililokishinda Kipimo cha Maziwa

Kaka Mutiso,

Baridi ya hapa Giakanja, nilikokuja likizo, imenigandisha vidole, lakini hili lazima nikuandikie. Leo asubuhi, kwenye kituo cha kupokea maziwa, karani alitumbukiza kipimo katika mkebe wa maziwa wa mama mmoja, akaona yametiwa maji, akayamwaga yote chini. Mama hakubisha. Aliuliza tu, "Kipimo yako imesema maziwa iko na maji, sawa. Lakini hata kumwaga, ati ni hiyo imekuambia umwage, na watoto wangu watalala njaa?" Karani akakitazama kipimo kama anayengoja kijibu.

Wewe na maabara yako husema falsafa si elimu kwa kuwa haina vipimo. Haya, lipime swali hilo! Nikirudi chuoni, falsafa siachi ng'o. Baba asinitafutie nafasi ya uuguzi.

Nisalimie Mama sana. Muulize hilo swali. Atalijibu kabla yako.

Dada yako,
Ndinda