Kengele ya Kaka Bati

Chumba namba nne,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limeacha ubishi. Mkaza mjomba hajambo? Kikohozi chake kimepona? Sisi huku tunapumua. Mama hajambo, ila akisikia neno mahakama tu presha inampanda. Kibonge wangu ameota meno mawili na anang'ata kila kitu, hata mimi mama yake. Mwandiko wangu unaujua, soma polepole. Palipochorekachoreka ni kazi ya huyo Kibonge, ananivuta kalamu.

Mama amenionyesha ujumbe wako. Unasema tukubali tunachopewa, kesi iishe, tusije tukaonekana watu wa fujo. Najua unatuonea huruma. Lakini uko mbali na mengine umeyasikia nusunusu, kwa hiyo ngoja nikusimulie mwenyewe, halafu kama ni kunigombeza unigombeze.

Unajua Kaka Bati alivyoanguka kutoka kwenye paa alilokuwa anaezeka, akapooza miguu yote na mkono wa kulia. Alibakiwa na mkono wa kushoto na mdomo, na huo mdomo ndio usiseme. Mimi nilikuwa nimetoka kujifungua kwa kisu, Mama naye hana nguvu za kumgeuza mtu mzima kitandani. Ndipo tukampeleka kwenye kile kituo cha kutunza wagonjwa. Walitupokea vizuri. Sakafu inang'aa, maua mezani.

Mama akienda kumwona anakalishwa sebuleni, kaka analetwa kwa kiti cha magurudumu, kafunikwa shuka mpaka kifuani. Akilalamika mgongo unamuuma, wanasema ni maumivu ya kuanguka, yatapoa. Nilipopata nguvu nikaenda mwenyewe, nikapitiliza mpaka chumbani. Mjomba, harufu ndiyo iliyonikaribisha. Nilipomgeuza, shuka ilikuja na ngozi. Vidonda vya kulazwa bila kugeuzwa, kimoja ngumi yangu inaenea. Midomo imepasuka kwa kiu na jagi la maji liko kule dirishani. Daktari tuliyemkimbizia alisema tungechelewa kidogo tungemkosa.

Ndiyo maana tukashtaki. Na wao utetezi wao ulikuwa mmoja tu: kengele ya kuita wahudumu ilikuwepo kitandani kwake saa zote, na hakuibonyeza. Kaka akasema haikumfikia, aliita kwa sauti mpaka wakamfungia mlango kwamba anasumbua wenzake. Wakili wao akajibu kwamba mkono mmoja mzima anao, mvivu ni yeye. Alilirudia neno hilo kwa madaha.

Sasa sikia ya juzi. Wakili huyo alikuja mahakamani na kengele yenyewe, kidude cheupe chenye waya. Akamwita mhudumu mmoja, msichana mdogo tu, akamwambia, "Dada, hebu mwonyeshe mheshimiwa hakimu ilivyokuwa inakaa." Yule dada akamwendea kaka kwenye kiti chake. Taratibu, kama alivyozoea, akaiweka kwenye kiganja cha kulia na kumkunjia vidole juu yake, kimoja kimoja.

Hakimu akasema, "Haya, bonyeza."

Vidole vikafunguka vyenyewe, kengele ikaanguka chini.

Kaka akasema, "Mheshimiwa, mkono huu tuliagana siku niliyoanguka. Siku hizi unanisindikiza tu."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Yule dada hakucheka. Alijishika mdomo, akasema, "Jamani, ndivyo tulivyoikuta. Waya ni mfupi, haufiki upande wa pili." Wakili wao akamkodolea macho kama anataka kummeza, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Waya mfupi, Mjomba! Miezi yote ile, hakuna aliyefikiria hata kugeuza kitanda.

Baada ya hapo ndipo wakaja na hicho kifuta machozi unachotaka tukipokee. Mama hakukwambia sharti lake: tuondoe kesi, na tusaini kwamba hatutalisema jambo hili popote, kwa mtu yeyote. Tulipotoka nje yule dada alinifuata mpaka kwenye ngazi, akaninong'oneza kwamba kitanda kile kimeshapata mgonjwa mwingine, aliyepooza vilevile upande wa kulia, na waya ni uleule.

Nilimwambia kaka. Safari hii hakufanya mzaha. Akasema, "Mimi nimetoka. Huyo aliyelala pale sasa hivi, anamwita nani?"

Basi nisamehe Mjomba, kwa hili sitakutii. Hatusaini. Hakimu atatoa uamuzi mwezi ujao, na hata tukishindwa, maneno ya yule dada yamesemwa mbele ya watu na hayarudi kinywani. Mimi lakini naona tutashinda. Ninachokuomba ni kuzungumza na Mama. Mimi ananiona mtoto aliyezaa mtoto, ila wewe kaka yake ukimwambia usiogope, atalala.

Vidonda vinafunga. Naviosha mwenyewe kila asubuhi, na tunamgeuza kwa zamu. Baba Kibonge amemfungia kengele ya baiskeli kitandani, upande wa kushoto. Tumejuta! Anapiga akitaka maji, anapiga akitaka redio, anapiga kumwonyesha Kibonge, naye akiisikia anatikisa makalio.

Nisalimie sana mkaza mjomba, binamu zangu wote, na yule jirani yenu anayeulizaga habari zetu. Mama anakusalimia, Baba Kibonge naye. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe tukuone kwa macho.

Kengele hiyo inalia, wacha niende nikamsikilize.

Mpwa wako anayekupenda hata akikubishia,
Chiriku