Rehani Isiyonukia

Jumatatu, 3 Machi
Dada bado kitandani. Bustani yake ya rehani sasa naiangalia mimi. Masharti chungu nzima: samadi iliyooza, konzi moja kila shina, basi. Mbolea ya dukani hataki hata kuisikia. Lakini bwana wa kukamua mafuta anataka magunia manane mwisho wa mwezi, na kwa mwendo huu hatufiki hata manne. Nimenunua yurea. Nimeimwaga kwenye matuta yote. Sijamwambia.

Alhamisi, 20 Machi
Imefumuka! Majani mapana kama kiganja. Nimeongeza yurea mara ya pili. Dada kaniuliza inaendeleaje, nikasema vizuri sana. Akafurahi — eti kumbe nina mkono wa kulima.

Jumanne, 1 Aprili
Bwana wa mafuta kapiga simu. Magunia manane, mafuta kiduchu, hayajazi hata kichupa. Kauliza niliweka mbolea gani. Nikataja. Akaguna tu: nimenenepesha majani, harufu imepotea. Nikaenda kusugua jani, nikanusa. Nyasi tupu.

Ijumaa, 4 Aprili
Dada ameomba tawi moja la rehani. Tu. Ningekataaje? Akalisugua kwa vidole vyake vile vilivyokonda, akaliweka puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Sisikii kitu, mdogo wangu," akasema. "Mwili umeshaanza kuondoka. Umeanzia puani."

Hapo ndipo pa kusema. Neno moja — yurea. Nikamvutia shuka, nikatoka.

Jumapili, 6 Aprili
Amekataa uji. Amekataa dawa, eti za nini sasa. Amegeukia ukutani. Nitamwambia kesho akiamka.

Jumatatu, 7 Aprili
Amefariki saa nne asubuhi. Sikumwambia.

Jumamosi, 26 Aprili
Naosha vyombo — rehani. Nafungua kabati la mashuka — rehani. Kali, ya kupanda mpaka kichwani, kama ile aliyokuwa akiivuna yeye. Nimefunga madirisha yote ya upande wa bustani. Bado inaingia. Mume wangu ananusa kila kona, anasema hamna kitu, nipumzike.

Mpwa wangu, bintiye dada, anakuja wiki ijayo kuchukua nguo za mama yake.

Jumapili, 4 Mei
Kafika asubuhi. Kabla ya kugusa nguo akaenda bustanini, akakaa huko muda mrefu. Karudi jikoni na tawi. Akanisimulia: mama yake alimpigia simu siku zile za mwisho, akalia kwamba pua imekufa na yeye ndiyo basi tena.

Kisha akaninyooshea lile tawi. "Hebu nusa, mama mdogo. Mimi ni mzima, mbona na mimi sisikii kitu?"

Nikasema nakuja. Nimejifungia bafuni na daftari hili. Anabisha, polepole, anauliza kama naumwa. Humu ndani rehani inanukia mpaka machozi yananitoka. Nimeshika kitasa. Anabisha tena —