Kigodoro cha Kwenye Keria

Kijiji cha Kisawasawa,
Ifakara.
2 Juni 1996

Mpendwa mdogo wangu Dionisi,

Kwanza kabisa, kabla hujatafuta pa kukaa: Baba yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ukiona mwandiko wangu juu ya bahasha moyo utakuruka, na barua haina namna ya kushuka kwenye baiskeli. Mbele utaelewa kwa nini nasema hivyo.

Baada ya hilo nakusalimu sana. Hujambo wewe, hajambo shemeji Careen, na watoto hawajambo? Tunasikia baridi ya Tunduma mwezi huu haina huruma, natumaini kifua chako hakijaanza tena. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Shemeji yako Theodosia alilala na homa wiki mbili, lakini sasa ameinuka na ananigombeza kama kawaida, kwa hiyo nimeamini amepona. Mvua zilikwisha vizuri na mpunga umekubali.

Baba ndiye hali yake si nzuri, sikufichi. Miguu imevimba. Ugali ameuacha tangu Pasaka, anakunywa uji vijiko vichache tu. Waganga wa hospitali wametushauri tukae naye nyumbani. Mchana tunamtolea kitanda barazani, upande unaotazama barabara, maana hataki kulala akiangalia ukuta. Padri amekuja mara mbili. Maneno yake yamepungua lakini akili haijamtoka hata kidogo.

Nataka kukueleza habari ya Jumanne iliyopita, nami naomba uisome polepole.

Jumatatu jioni aliniita. Nikadhani anataka maji. Akasema, "Kesho chukua baiskeli yangu, nenda Namawala."

Namawala tuna mtu mmoja tu. Miaka sita jina la dada yetu Levina halikutajwa kwenye baraza ile. Wewe ulikuwepo siku alipoondoka na Sayi, ulimsikia Baba mbele ya wazee akisema kwamba hamtoi binti yake kwa mchunga ng'ombe asiyejulikana kwao, na kwamba Levina asikanyage ua wake mpaka siku ya kumzika. Levina alilishika neno hilo kama lilivyotamkwa. Hakuja hata arobaini ya Mama.

Nikamuuliza Baba nikifika huko nimwambie nini. Akaitazama barabara. Kisha akasema, "Funga kile kigodoro kwenye keria. Njia mbovu." Nikamwambia naenda peke yangu, sina mzigo, kigodoro cha nini. Akageuza uso. Basi nikakifunga huku nikinung'unika, unanijua.

Kigodoro chenyewe unakikumbuka. Mama alikishona kwa vipande vya kitenge na kukijaza sufi, mwaka ule Levina alipovunjika mguu, Baba akawa anampeleka shule kwenye keria kila asubuhi na kumrudisha mchana. Rangi imekwisha sasa.

Niliondoka saa kumi na moja alfajiri. Jua lilinikuta kijiji cha Kiberege, na Ifakara nikaingia saa mbili na nusu. Nikanywa chai na vitumbua kwa Bi Hajira karibu na soko, nikajaza upepo, nikashika njia ya Namawala. Magoti yangu ya miaka hamsini na moja yalikuwa yameanza kusema, lakini sikuyasikiliza.

Ukishaiacha Namawala na kuingia njia ya mashambani, hakuna tena mti wa kupumzikia. Ni majani na mpunga mpaka macho yachoke, na milima yetu inabaki mstari mwembamba nyuma yako. Maji ya masika yalikuwa yamerudi mtoni yakaacha tope lililokauka na nyayo za ng'ombe ndani yake, kwa hiyo baiskeli inarukaruka na meno yanagongana. Huku na huku yamesimama madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo vya kuamia ndege, na madebe yanalia kutoka shamba moja hadi jingine. Kila niliyempita alinisalimu kwa uchangamfu, maana mtu aliyepanda baiskeli hana habari mbaya.

Nilikuwa peke yangu na mawazo yangu, na siku hiyo mawazo hayakunihurumia. Nilijiuliza mimi nimefanya nini miaka sita yote. Baba alimkataza Levina kuja. Mimi hakunikataza kwenda. Ni mwendo wa siku moja, Dionisi. Siku moja ya baiskeli, na sikuwahi kwenda. Nilijidai namheshimu Baba, kumbe naogopa kuulizwa nimekula wapi. Niliona aibu pale katikati ya mbuga, hakuna anayeniona, na niliona aibu hata hivyo.

Karibu saa nane cheni ikakatika. Nilikuwa nimeshaonyeshwa shamba la Levina kwa mbali, labda nusu saa ya kutembea. Nikaning'iniza cheni kwenye usukani, nikaanza kuikokota baiskeli.

Sasa sijui kama huko kwenye mji wa mpaka bado mnaikumbuka desturi yetu. Mwenye habari ya kifo hafiki kwa wafiwa akiwa amepanda. Anashuka pale anapoanza kuonekana, anaikokota baiskeli mpaka uani, wala hapigi kengele. Ndiyo maana hata mwenye pancha hupaza sauti mapema, "Pancha, jamani, pancha!", asije akawaua watu kwa hofu. Wewe mwenyewe Mama alikuchapa kwa kosa hilo ukiwa darasa la nne. Nami, kaka yako mkubwa, niliyecheka ukichapwa, nililisahau. Nilikuwa na kiu na nilikuwa nimechoka, nikakokota kimya kimya, kichwa chini.

Kwenye mbuga ile mtu huonekana tangu akiwa mdogo kama sisimizi. Nilisikia debe la kwenye dungu la mbele limenyamaza. Nilipoinua kichwa Levina alikuwa ameshashuka, amevua kilemba, amejifunga kanga kiunoni kama wanawake wanavyofanya msibani, amesimama njiani ananingoja. Amekonda. Uso ni wa Mama kabisa, nilishtuka.

Hakunisalimu. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Basi leo naruhusiwa." Kisha akaanguka chini akalia.

Mimi nilisimama kama mpumbavu. Wanawake wa madungu ya jirani walishaanza kuitikia kilio, na wengine wanakuja mbio wakikanyaga mpunga. Ndipo nikaitazama mikono yangu imeshika usukani, nikaelewa nilichofanya. Nikamwambia, "Levina, ni cheni. Cheni imekatika. Baba yu hai."

Akanyamaza palepale. Mama mmoja aliyewahi kufika alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema, "Mzee mzima na mvi zako, hujui kupaza sauti?"

Levina aliinuka, akajifuta vumbi, akakifunga tena kilemba chake. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Shikamoo kaka. Kama yu hai, siruhusiwi." Akageuka kurudi kwenye dungu lake, maana ndege walikuwa wameshatua.

Nilimfuata. Nilimwambia Baba ndiye aliyenituma. Akaniuliza, "Alisema nije?" Dionisi, nilitaka sana kudanganya. Ingekuwa rahisi. Lakini ningemchukua kwa uongo, na akifika Baba akageuza uso, ningewaua wote wawili. Nikamwambia hakusema. Akauliza, "Alisema nini basi?" Nikamwambia, "Alisema nifunge kigodoro kwenye keria. Njia mbovu."

Ndipo akaitazama baiskeli. Alikwenda akakishika kile kigodoro, akakibonyeza kwa kiganja kama mtu anayeangalia ugonjwa wa mtoto. Ndege walikula walivyotaka na hakuna aliyepiga debe.

Sayi alirudi na ng'ombe jioni. Alinisalimu "Shikamoo shemeji" kama mtu niliyemtembelea kila mwezi. Alisikiliza habari yote bila kuingilia. Halafu akachukua msumari na mawe mawili, akakaa chini akaiunga cheni ya baiskeli ya mtu aliyemwita asiyejulikana kwao. Alipomaliza akasema, "Shemeji, hii itawafikisha, ila usiikanyage kwa hasira." Kisha akamwambia mkewe, "Ndege nitawaamia mimi." Huyo ndiye mtu tuliyemnyima hata kiti.

Jumatano tuliondoka alfajiri, Levina juu ya kigodoro, mtoto wake anayenyonya mgongoni. Tulipofika kile kilima cha mchanga cha kuingilia kwetu, ambapo hata vijana hushuka, Levina akaniambia, "Kaka, shuka tutembee." Nikamwambia sishuki. Watu wote hapa wanalijua neno la Baba. Wangemwona Levina anaingia kijijini nyuma ya baiskeli inayokokotwa, kilio kingeanzia kwenye nyumba ya kwanza. Na Baba yuko barazani anatazama barabara. Nilipiga kengele tangu chini ya kilima mpaka uani. Nilipofika sikuweza kusimama kwa miguu yangu, Theodosia alinishika.

Levina alisimama mpakani mwa ua, pale panapoishia kufagiwa. Hakuingia. Akasema akiwa hapohapo, "Shikamoo baba."

Baba alimtazama. Kisha akasema, "Marahaba mwanangu. Njia haikukuumiza?"

Akasema, "Haikuniumiza, baba." Ndipo akaingia.

Hayo ndiyo maneno yote waliyosema. Hakuna aliyeomba radhi na hakuna aliyedai aombwe. Tangu siku hiyo Levina ndiye anayemnywesha uji, na kwa mkono wake anamaliza nusu kikombe. Ijumaa Baba alimuuliza kama Sayi anajua kulima au ni kuchunga tu. Levina akasema anajua. Baba akaguna, na ule mguno wake unaujua, si wa ubaya.

Sasa nije kwako. Una miaka minne hujafika. Barua yako ya Krismasi ilieleza sababu na mimi sizipingi. Lakini usingoje Baba akuite. Hakumwita hata Levina, amebaki na namna yake hiyo ya kusema mambo ya njia na mizigo. Nilidhani mtu akikaa kimya hana haja na wewe. Nilikosea miaka sita, nisingependa ukosee na wewe.

Barua hii nampa Abdulswamad mwenye duka, anayesafiri kesho kufuata bidhaa huko kwenu, ili ikufikie mkononi. Panda treni, shuka Mang'ula, ushike barabara ya kuja huku. Kila siku ya treni nitatoka kukulaki, nawe utaniona kwa mbali. Tazama kama nimepanda au nimeshuka. Mimi kila asubuhi namwomba Mungu nije nimepanda, na nitapiga kengele mpaka unikasirikie.

Theodosia anakusalimu sana. Levina anakusalimu, anasema bado anakudai shikamoo za miaka sita. Shangazi wa kijiji cha Mbingu alikuja Alhamisi, naye ametoa salamu. Wasalimu shemeji na watoto, uwaambie wana binamu wengi Namawala ambao hawajawaona. Mungu awalinde mnapolala na mnapokuwa njiani.

Nilikuwa nimemaliza, lakini hili moja lazima nikuandikie. Jana nilitaka kukifungua kile kigodoro nikianike, kimejaa tope la mbuga. Baba aliniona kutoka kitandani. Akasema, "Kiache." Nikamwambia, "Baba, Levina ameshafika." Akasema, "Najua. Kiache."

Ni mimi kaka yako nikupendaye,

Evarist